NASABA NI AMANA, SI PAMBO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, kisha akawatawanya juu ya ardhi. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu msomaji, kwamba yako masuala ambayo watu huyapita mbio kwa kuyadhania kuwa mepesi, na mojawapo ni hili: Mtu ana wajibu gani kwa wazee wake waliotangulia, ambao yeye hakuwaona wala wao hawakumjua? Je, kuwatafuta ni jambo la kheri, au ni kupoteza umri? Na akiwatafuta, kisha akawakuta si kama alivyotaraji, afanye nini?

Suala hili lina uzito kwa kila taifa, lakini ni zito zaidi huko Marekani, khasa kwa wale ambao wazee wao walivushwa bahari wakiwa katika minyororo. Mtu mwengine akiulizwa babu yake ni nani, hujibu kwa ulimi wake. Wao wakiulizwa, jawabu imefungwa ndani ya daftari za watu waliowamiliki wazee wao. Na kwa kuwa katika waliopelekwa huko walikuwamo Waislamu, na miongoni mwao watu wa ilimu, khabari zao zatuhusu. Twataka katika kurasa hizi chache tuzieleze, kisha tujiangalie na sisi wenyewe.

RAI MBILI ZA WATU

Watu katika jambo hili wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: Waliokufa wamekufa, na kila mtu atahisabiwa kwa amali zake, basi kuna faida gani kufukua majina ya kale? Kundi la pili husema: Asili ni taji, asiyekuwa na asili hana heshima, basi na tutafute mpaka tumpate mzee mtukufu, tujivunie kwake.

Nasi twasema: kila kundi limeshika nusu ya neno likaacha nusu. La kwanza limesema kweli kwamba nasaba haimwokoi mtu. Tumefunzwa katika Suratul Hujurat kwamba mataifa na makabila yamefanywa ili watu wajuane, na kwamba mbora wao mbele ya Mungu ni amchaye zaidi. Lakini tazama: kujuana kumetajwa kuwa ndiyo sababu yenyewe. Basi vipi mtu aseme kwamba kujua asili ni upuuzi? Na huo undugu wa damu tulioamrishwa kuuunga utaungwaje na mtu asiyejua ndugu zake ni akina nani?

Kundi la pili nalo limesema kweli kwamba asili ina heshima, lakini limeigeuza heshima ikawa biashara. Linatafuta fahari, wala halitafuti wazee. Na mwenye kutafuta fahari akiikosa huiunda.

Basi iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoiona kuwa ya haki. Jina la mtu na khabari yake ni amana. Aliyekufa hawezi kujisemea, na lau alidhulumiwa, akaandikwa kuwa mali na ilhali alikuwa mtu, basi walio hai wana deni kwake: wamrejeshee jina lake. Deni hili halilipwi kwa kumsifu, wala kwa kumpamba. Hulipwa kwa kusema kweli juu yake.

Nasi twajua mfano mkubwa wa jambo hili. Zaid bin Haritha (r.a.) alitekwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni, akafika Makka katika nyumba ya Bibi Khadija. Babake hakukaa kimya. Alimtafuta mpaka akamjua alipo, akaja na fidia mkononi. Zaid kwa hiari yake akachagua kubaki na Mtume (s.a.w.), naye akamlea kama mwanawe, hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Lakini ilipoteremka amri katika Suratul Ahzab kwamba watu waitwe kwa baba zao, jina lile lililo tukufu kuliko majina yote likaondolewa, akarejea kuwa Zaid bin Haritha. Zingatia hapa, ndugu yangu. Lau nasaba ingekuwa pambo, kungekuwa na pambo gani lililo bora kuliko lile? Lakini kweli ilitangulizwa mbele ya pambo.

NAMNA WANAVYOTAFUTA

Mwenye kutafuta asili yake katika Marekani huanza na nafsi yake, akarudi nyuma hatua kwa hatua: babake, babu yake, baba wa babu yake. Hutazama vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, mawe ya makaburi, na hesabu ya watu ambayo serikali ya huko huiandika kila baada ya miaka 10. Ikiwa wazee wake walikuwa watumwa, hatua zake huenda sawa mpaka afike mwaka 1870. Hapo hukuta ukuta.

Na sababu ya ukuta huo ni hii. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, na ndiyo ya kwanza iliyowaandika watu wale wote kwa majina yao. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika daftari mbali: juu jina la bwana, na chini yake mistari mitupu, mwanamke wa miaka 30, mwanamume wa miaka 22, mtoto wa mwaka mmoja, pamoja na rangi zao. Aghalabu hapakuwa na jina hata moja. Bibi wa mtu yumo katika mstari ule, umri wake umo, na yeye mwenyewe hayumo.

Basi mtafutaji hana budi kuingia kwa mlango wa bwana. Husoma wasia wa bwana, na orodha ya mali iliyoandikwa alipokufa, ambamo watu wameandikwa pamoja na ng'ombe na majembe, kila mmoja na thamani yake kwa dola. Husoma hati za mauzo, na matangazo ya magazeti yaliyotoa zawadi kwa atakayemkamata mtoro. Maneno yaliyoandikwa kwa dhulma huwa ndiyo ushahidi pekee kwamba fulani aliishi.

Na tena ilikuwako sharia ya kuukata ukoo. Katika Virginia, mwaka 1662, ilipitishwa kwamba mtoto atafuata hali ya mamake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, awe baba ni nani. Kwa hiyo mtu aliweza kumzaa mtoto wake kisha akamuuza, wala sharia isimuulize. Ndiyo maana wengi huko wakitafuta baba wa mbali hukuta kuwa bwana na baba ni mtu mmoja. Na hapo mtafutaji hujua kwamba damu ya aliyedhulumu na damu ya aliyedhulumiwa zote mbili zapita katika mkono wake mmoja.

Wala usidhani kwamba kutafuta huku ni mchezo wa watu wa leo walioshiba. Wa kwanza kutafuta walikuwa mama zao. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu walitoa matangazo katika magazeti, kama lile lililoitwa Christian Recorder la Philadelphia, wakitafuta jamaa zao. Mama alitaja jina la mwanawe, bwana aliyemuuza, na mji alikouzwa, akaomba mwenye khabari amwandikie. Matangazo hayo yaliendelea kwa miaka mingi. Na benki iliyowekwa kwa ajili ya walioachwa huru, iliyodumu kutoka mwaka 1865 hadi 1874, iliwauliza wenye kuweka fedha majina ya wazazi na ndugu zao. Wako waliojibu kwa kutaja ndugu waliouzwa zamani na ambao hawakujua wapi walipo. Je, mama yule alitaka fahari? Alitaka mwanawe. Basi anayetafuta leo kwa nia njema aendeleza kazi ya mama yule.

KHABARI YA BILALI WA SAPELO

Sasa tutataja mtu mmoja ambaye khabari yake imehifadhiwa. Katika kisiwa cha Sapelo, pwani ya jimbo la Georgia, alikuwako mtumwa aliyeitwa Bilali Muhammad. Alizaliwa Timbo, katika nchi ya Futa Jallon, ambayo leo ni sehemu ya Guinea. Alitekwa angali kijana, akapelekwa visiwa vya Bahamas, na yapata mwaka 1802 akawa mali ya Thomas Spalding, mwenye shamba kubwa la pamba na miwa hapo Sapelo.

Bilali alikuwa akisali kwa nyakati zake, na alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu. Alipokuwa mzee alimpa mwandishi mmoja, Francis Goulding, kijitabu cha kurasa 13 alichokiandika kwa mkono wake. Kwa miaka mingi watu wa huko walikitazama wasiweze kukisoma, wakadhani ni daftari ya mambo yake ya kila siku, au hisabu za shamba. Mwaka 1939 mwanachuoni wa lugha, Joseph Greenberg, akawaonyesha mashekhe wa Kano, katika Nigeria, nakala ya kitabu kile, na mwaka 1940 akatangaza alichokipata. Hakikuwa hisabu za shamba hata kidogo. Ni maneno ya fikihi yaliyotoka katika Risala ya Ibn Abi Zaid al-Qairawani, kitabu cha madhehebu ya Maliki, juu ya udhu na adhana na sala.

Fikiri, ndugu yangu, juu ya mtu yule. Amekaa makumi ya miaka mbali na chuo chake, hana kitabu wala mwalimu, na mikono yake ni mali ya mtu mwengine. Alipopata karatasi hakuandika malalamiko. Aliandika namna ya kutawadha. Na maneno yenyewe ameyakosea hapa na pale, kama akoseavyo mtu anayekumbuka alichosomeshwa utotoni. Hili pekee latosha kumjulisha mtu kwa wajukuu wake kuliko sifa nyingi.

Na wajukuu wake wapo. Bilali na mkewe Phoebe walikuwa na mabinti, na majina yao yamehifadhiwa: Margaret, Hester, Charlotte, Fatima, Medina, Yaruba, na Bentoo, ambalo sikio la Mswahili halikosi kusikia Binti ndani yake. Katika miaka ya 1930 waandishi waliotumwa na serikali walikwenda pwani ya Georgia wakawauliza wazee khabari za kale, na kitabu chao kikatoka mwaka 1940. Bibi mmoja mzee wa Sapelo, Katie Brown, mjukuu wa yule Margaret, aliwaeleza kwamba Bilali na mkewe walisali kwa tasbihi, na kwamba walikuwa waangalifu sana wa saa za kusali. Kisha akaeleza jambo jengine. Bibi yake, siku moja maalumu katika mwaka, alikuwa akiosha mchele na kuuacha umelowa usiku kucha, asubuhi akautwanga katika kinu kwa mchi mpaka ukalainika, akatia asali au sukari, akafanya vikate bapa kwa mikono yake, akawagawia watoto wote. Na vikate hivyo alikuwa akiviita saraka.

Saraka! Ni nani kati yetu asiyelijua neno hili? Ndilo neno letu la sadaka, lililobadilika kidogo katika vinywa vya watu wa Afrika ya Magharibi. Na ni yupi katika mama zetu asiyejua kuroweka mchele usiku ili autwange asubuhi kwa vitumbua? Wajukuu wale walikuwa Wakristo, wala hatulisemi hili kwa kuwavunjia heshima. Lakini walipokuwa wakila kikate kile mkononi mwa bibi yao, walikuwa wakila sadaka ya Futa Jallon pasi na kujua. Bwana alichukua kazi ya mikono ya Bilali na jasho lake. Vikate vya mchele hakuvidhania kuwa ni kitu, basi vikapita kutoka mkono hadi mkono kwa miaka zaidi ya mia.

Hapa pana funzo kwa mwenye kutafuta. Asitafute katika karatasi tu. Na asikilize vilevile namna bibi yake anavyopika, na jina analoliita lile analolipika.

JARIBIO LA KWELI

Lau khabari ingekwisha hapa, ingekuwa tamu, na kundi la pili tulilolitaja lingefurahi. Lakini amana hailipwi kwa nusu. Ni kweli vilevile kwamba Bilali alikuwa nyapara. Spalding alimweka juu ya watumwa wenziwe, nao walikuwa mamia. Katika vita vya mwaka 1812 baina ya Marekani na Uingereza alipewa bunduki 80 ili aongoze watu kukilinda kisiwa cha bwana wake. Na imepokewa kwamba alijitenga na watumwa wasiokuwa wa dini yake, akawadharau. Basi mjukuu wa Bilali ampokee nani? Mwanachuoni au nyapara?

Jawabu yetu ni kwamba ampokee mtu mmoja, kwani alikuwa mmoja. Akimchukua mwanachuoni akamtupa nyapara, hakumpata babu yake. Amepata sanamu aliyoichonga mwenyewe.

Na iko khabari iliyo kali kuliko hii. Ayuba bin Suleiman Diallo alikuwa mtu wa Bundu, katika nchi ya Senegal, mwana wa mwanachuoni, naye mwenyewe amehifadhi Qur'ani. Yapata mwaka 1730 babake alimtuma mto Gambia ili auze watu wawili na anunue karatasi. Hakuafikiana bei na nahodha wa Kiingereza, akavuka mto akawabadilisha watu wale kwa ng'ombe. Alipokuwa akirudi akatekwa, akanyolewa, akauzwa kwa nahodha yuleyule. Akapelekwa Maryland kufanya kazi katika shamba la tumbaku. Akaandika barua ya Kiarabu kwa babake. Barua ikafika mikononi mwa wakubwa wa London, wakastaajabu ilimu yake, akakombolewa. Mwaka 1733 alikuwa Uingereza, akaandika nakala tatu za Qur'ani kwa moyo, akachorwa picha, na mwaka 1734 akarejea kwao. Kitabu kikatungwa juu yake mwaka huohuo.

Tunamsifu kwa hifdhi yake, nayo yastahiki sifa. Lakini twauliza: na wale watu wawili? Wale waliobadilishwa kwa ng'ombe majina yao ni nani? Barua yao haikufika London. Hawakuchorwa picha. Nao walikuwa na mama, na huenda wana wajukuu. Haki ya nasaba ikiwa ni amana, basi amana ya wale wawili ni nzito kuliko ya Ayuba, kwani Ayuba amesemewa na wengi, nao hawana wa kuwasemea.

Jengine katika jaribio hili ni kutozidisha. Mwaka 1976 Alex Haley alitoa kitabu chake Roots, alichosimulia ndani yake kwamba amemfuatilia babu yake Kunta Kinte mpaka kijiji cha Juffure, katika Gambia, aliyetiwa katika merikebu ikafika Annapolis mwaka 1767. Mwaka 1977 kikaonyeshwa katika televisheni, na watu wasiohisabika, weusi na weupe, wakaanza kutafuta asili zao kwa sababu yake. Hiyo ni kheri kubwa, wala hatuikanushi. Lakini wajuzi wa nasaba, Gary na Elizabeth Mills, walipozichungua hati zile, wakaeleza mwaka 1981 kwamba hazishuhudii ukoo uliosimuliwa. Na mwandishi mwenyewe alikuwa amekiri kwamba amechanganya mambo yaliyokuwa na mambo aliyoyatunga.

Twamwelewa. Mtu aliyefika ukutani, na nyuma ya ukuta yasikika sauti ya wazee wake, ni vigumu arudi mikono mitupu. Lakini kila tunapomwekea maiti maneno ambayo hakuyasema, tunamnyang'anya mara ya pili. Bwana alimfuta jina. Sisi tukamwandikia jina la mwengine. Heri kusema: hapa njia imekatika, na zaidi ya hapa Mungu ndiye ajuaye.

Siku hizi watu hupima mate yao, wakaambiwa kwa uchunguzi wa vinasaba kwamba sehemu kadha ya asili yao yatoka magharibi ya Afrika, na sehemu kadha Ulaya. Ni ilimu yenye manufaa, na imewakutanisha jamaa waliopoteana. Lakini kipimo hakijui kwamba bibi yule alitwanga mchele kwa asali. Chatoa nchi, wala hakitoi jina.

KHABARI YA IBRAHIMA NA WANAWE

Kutoka Timbo hiyohiyo alikotoka Bilali alitoka mtu mwengine, Abdul Rahman Ibrahima, mwana wa Almami Ibrahima Sori aliyeitawala Futa Jallon. Alitekwa vitani mwaka 1788, akauzwa, akafika Natchez, katika Mississippi, mikononi mwa Thomas Foster. Akamwoa Isabella, akazaa naye watoto tisa. Mwaka 1807 alikutana sokoni na daktari mmoja, John Cox, ambaye zamani aliugua katika safari zake Afrika akapokewa na kuuguzwa Timbo kwa babake Ibrahima. Daktari akamjua, akataka kumnunua ili amwache huru, bwana akakataa. Ikapita miaka zaidi ya 20 tangu siku ile. Ndipo mwaka 1828, kwa barua aliyoiandika kwa Kiarabu na kwa kuingia kati serikali ya Rais John Quincy Adams, akaachwa huru, kwa sharti aondoke Marekani.

Watoto wake hawakuachwa. Akazunguka miji ya kaskazini akikusanya fedha za kuwakomboa. Zisitimie. Mwaka 1829 akasafiri na mkewe hadi Liberia, na mwaka huohuo akafa huko, hajaiona Timbo. Fedha alizoziacha zikawakomboa wawili katika wanawe pamoja na jamaa zao, wakamfuata mama yao Liberia mwaka 1830. Foster naye akafa mwaka 1829, na watu wake wakagawanywa kwa warithi. Kwa hiyo kizazi cha mtu mmoja kikawa nusu pande hii ya bahari na nusu pande ile, na waliobaki Mississippi wakaishi utumwani zaidi ya miaka 30 tena.

Watu hupenda kumtaja Ibrahima kwa ukubwa wa ukoo wake, mwana wa mfalme. Sisi twaona ukubwa wake uko kwengine. Alikuwa mzee wa miaka 66 alipozunguka mji kwa mji, akasimama mbele ya wageni, akaomba dola moja moja kwa ajili ya watoto tisa. Enzi ya babake hakuipata kwa juhudi yake. Hili alilipata kwa juhudi yake.

NA SISI JE?

Tumeyaeleza ya Marekani, lakini hatukuyaeleza ili tuwanyoshee kidole watu wa mbali. Pwani hii yetu ilikuwa na utumwa. Katika Unguja na Pemba uliondolewa kwa sharia mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Nasi tunazo nasaba zilizoandikwa vizuri, zimefungwa kwa hariri, zinapanda baba kwa baba mpaka Hadhramaut na Omani na Shirazi. Fungua nasaba hizo, ndugu yangu, utafute mama. Uko wapi mstari wa yule bibi aliyeletwa kutoka Nyasa au Manyema, akazaa, akanyonyesha, akawafunza watoto lugha hii tunayoiandika? Mara nyingi hayumo. Au yumo kwa jina alilopewa na bwana wake, wala si lile aliloitwa na mamake.

Sharia yetu haikufanya kama ile ya Virginia. Mtoto wa bwana kwa suria wake ni huru, na nasaba yake ni ya babake. Hilo ni kweli na twalishukuru. Lakini sharia imempa mtoto baba, haikumwamrisha amsahau mama. Hilo tulilifanya wenyewe kwa kibri.

Huenda mtu akasema: Kuyataja haya ni kuwafedhehi watu na kuamsha fitina. Twamjibu: aibu ya utumwa ni ya aliyeteka na aliyeuza, si ya aliyetekwa. Mwenye kuona haya kwa sababu ya bibi yake aliyefungwa minyororo, amesimama upande wa minyororo. Na fitina haitoki katika kusema kweli kwa adabu. Hutoka katika kudharauliana, na dharau hukaa pale kweli inapofichwa.

KHATIMA

Basi atakayetafuta asili yake, awe Georgia au Mombasa, na ashike mambo matatu. La kwanza, anuie kumrejeshea aliyekufa haki yake, asinuie kujikweza. La pili, aandike alichokipata kama alivyokipata, kitamu na kichungu, na pale njia ilipokatika asijenge daraja kwa mawazo yake. La tatu, asimtafute mtukufu peke yake. Awatafute na wale waliomo katika mistari mitupu, na mama kabla ya baba, kwani mama ndiye aliyesahauliwa zaidi.

Na akitafuta kwa bidii asipate, asihuzunike akadhani kuwa hana watu. Pale pale katika Suratul Ahzab palipoamrishwa watu waitwe kwa baba zao, imeelezwa kwamba wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu katika dini. Hawakuachwa nje ya mlango. Jina likikosekana, undugu haukosekani. Na yule bibi asiyejulikana jina, aliyeandikwa kuwa ni mwanamke wa miaka 30 chini ya jina la bwana wake, Mola wake anamjua kwa jina alilopewa na mamake, wala hahitaji hesabu ya watu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Twamuomba awarehemu waliotutangulia, waliojulikana na wasiojulikana, na atujaalie tuwe wenye kulipa amana zao. Amin.